Kapakeli wa Uskoti: ukipewa fedha ya jambo moja, uchague lipi?

Mdogo wangu anasoma uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Wewe uko huko Uskoti. Tumepewa zoezi kuhusu ndege mmoja wa huko anayetoweka. Ukipewa fedha ya kufanya jambo moja tu la kumwokoa, utafanya lipi?"

Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili, kisha usiku nikaona sijamtendea haki, wala yeye wala ndege. Hili ndilo jibu refu. Nimeliandika kwa namna ambayo mwanafunzi mwingine yeyote anayelazimika kuchagua kati ya njia nne au tano za kuokoa kiumbe anaweza kulitumia.

Ndege mwenyewe ni kapakeli. Jina lake limetoka Kigaeli, lugha ya milima ya Uskoti, na wengi hulifasiri kuwa "farasi wa msituni". Ni ndugu wa kuku na kwale, lakini katika ukoo wake wa misitu ya baridi hakuna anayemfikia kwa ukubwa. Jogoo hupita kilo nne, kama bata mzinga: mweusi, kifua kina mng'ao wa kijani, na juu ya jicho kuna ngozi nyekundu. Mtetea ni nusu ya uzito huo, rangi ya majani makavu, na akiwa ameatamia chini ya msonobari unaweza kumkanyaga kabla hujamwona.

Nasema hivyo kwa sababu nusura nimkanyage. Mwaka wangu wa kwanza huku, mwezi Mei, niliacha njia nikakatiza msituni ili kufupisha safari. Hatua mbili mbele yangu kitu kikalipuka kutoka ardhini kwa kishindo cha mbawa, kikapotea kati ya miti. Nilirudi nyumbani na furaha, nikidhani nimebahatika. Baadaye mzee mmoja aliyefanya kazi ya misitu maisha yake yote akanieleza, kwa upole, kwamba mtetea akiruka hivyo mwezi Mei basi nyuma yake kuna mayai saba au manane yanayopoa, na kunguru haachi kutazama. Bado nayafikiria mayai yale.

Kapakeli alikwisha kutoweka Uskoti mara moja. Misitu ilikatwa, ndege wakawindwa, na kufikia mwisho wa karne ya 18 hakubaki hata mmoja. Mwaka 1837 wengine waliletwa kutoka Uswidi hadi Taymouth, Perthshire, wakaachiwa msituni, wakazaana na kuenea. Katika miaka ya 1970 ilikadiriwa kuwa wamefika 20,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wameshuka hadi karibu 2,200. Hesabu ya majira ya baridi ya 2021-22 ilipata zaidi kidogo ya 500, na zaidi ya wanane katika kila kumi wamebanana mahali pamoja: bonde la mto Spey, ndani na kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Cairngorms. Mwaka 2022 wanasayansi wanaoishauri mamlaka ya mazingira ya Uskoti walionya kwamba kwa mwendo huu atatoweka tena ndani ya miongo miwili au mitatu.

Bunduki haihusiki tena. Wenye mashamba ya uwindaji waliacha kumpiga kwa hiari mwaka 1990, na mwaka 2001 sheria ikapiga marufuku kabisa. Idadi ikaendelea kushuka. Ndiyo maana uchaguzi ni mgumu: ukiondoa adui mmoja anayeonekana na ndege bado wanapungua, unabaki na maadui watano wasioonekana vizuri, na kila mmoja ana watetezi wake.

Mwaka wa kapakeli, kwa kifupi

Huwezi kulinganisha dawa bila kujua ugonjwa uko wapi. Mwezi Aprili, alfajiri, majogoo hukusanyika katika uwanja wa ngoma, ule ule wa mwaka jana na mwaka juzi. Hutanua mikia kama feni, huinua shingo, hutoa sauti ya kugongagonga inayoishia kama kizibo kinachochomolewa kwenye chupa. Mitetea huja, huchagua, huondoka. Jogoo hana kazi tena baada ya hapo. Kulea ni kwa mama peke yake.

Mtetea hutaga chini, ardhini. Vifaranga huanguliwa mwanzoni mwa Juni, na tangu siku ya kwanza hutembea na kujitafutia chakula wenyewe. Wanachokihitaji kuliko kitu chochote ni viwavi, na viwavi hao hupatikana zaidi katika vichaka vya bluberi pori vinavyofunika sakafu ya msitu wa misonobari. Mvua ya baridi ikinyesha mfululizo mwezi Juni, kifaranga hawezi kujipasha joto. Anajificha chini ya mama badala ya kula, na njaa inamaliza kile ambacho baridi imeanza.

Kwa hiyo kuna milango miwili ambayo ndege hutokea kwenda kaburini. Mmoja ni wa wakubwa, nao kwa sehemu kubwa ni uzio wa seng'enge. Wa pili ni wa mayai na vifaranga, ambao ni mpana zaidi. Kila njia nitakayoilinganisha hapa naiuliza maswali mawili tu: itafunga mlango upi, na itaufunga lini?

Seng'enge: kuing'oa au kuitia alama

Uskoti haina mbwa mwitu tena, na kulungu wamejaa. Kulungu hula miche ya misonobari na hula bluberi pia. Mwenye msitu akitaka miti michanga ikue, jambo rahisi ni kuzungushia uzio mrefu wa waya. Kapakeli naye ni mzito, huruka chini chini kwa kasi kubwa, mara nyingi katika mwanga hafifu wa alfajiri. Anaugonga waya na kufa. Uzio uliowekwa ili kuufufua msitu wake unamuua yeye.

Kutia alama ni jibu la haraka. Unafunga wavu wa rangi ya chungwa au vipande vya mbao kwenye waya ili ndege auone. Majaribio yaliyofanyika Uskoti, ambayo matokeo yake yalitoka mwaka 2003, yalionyesha kuwa wavu wa chungwa ulipunguza kugongwa kwa kapakeli kwa 64%. Si haba. Lakini geuza hesabu uitazame upande wa pili: zaidi ya theluthi moja ya migongano bado ipo. Wavu nao huchanika kwa upepo wa milimani, hivyo kila baada ya muda unarudi na ngazi na fedha nyingine.

Kuing'oa ni jibu la kudumu. Uzio usiokuwepo hauui mtu. Lakini ukiuondoa bila kupunguza kulungu, umefungua mlango wa shamba wakati ng'ombe wa jirani wako nje. Abernethy, msitu mkubwa ambao shirika la kulinda ndege la RSPB lilinunua sehemu yake kubwa mwaka 1988, walichagua kupunguza kulungu kwa bunduki badala ya kuzungusha uzio, na miche ya misonobari ikaanza kuchipua yenyewe pasipo waya. Gharama yake si ya seng'enge bali ya siasa. Katika mashamba mengi ya milimani kulungu ni mapato, wageni hulipa kuja kumwinda dume mwenye pembe, na mwenye shamba hapendi kuambiwa apunguze mifugo yake ya porini. Kuna pia watu wanaochukia kuona wanyama wakiuawa kwa wingi, na chuki hiyo naielewa.

Mimi nachagua kung'oa, popote pale ambapo kulungu tayari wanapunguzwa. Alama ziwekwe pale tu ambapo uzio hauwezi kuondoka, kwa mfano kando ya barabara kuu. Uamuzi huu haunipi shida. Nimekutana na watu waliobishana juu yake miaka mingi wakati waya bado umesimama, na hilo linanihuzunisha.

Kicheche: kumuua au kumshibisha

Hapa ndipo pagumu, na ndipo ninapotaka mdogo wangu akae muda mrefu.

Mayai ya kapakeli huliwa na kunguru, mbweha, nyegere wa Ulaya, na zaidi ya wote, kicheche wa misonobari. Huyu ni mnyama mrefu mwembamba, kahawia, mwenye koo la rangi ya malai, apandaye mti kama kuchakulo. Zamani alichinjwa na kutegwa hadi akabaki katika pembe chache za kaskazini. Sheria ikamlinda miaka ya 1980, akarudi. Kurudi kwake ni moja ya habari njema za uhifadhi katika nchi hii. Kuna na faida isiyotarajiwa: pale alipoenea, kuchakulo wa kijivu walioletwa kutoka Marekani wamepungua, na kuchakulo wekundu wa asili wamepata nafasi.

Sasa viumbe wawili wanaolindwa na sheria moja wamekutana kwenye kiota kimoja.

Chaguo la kwanza ni kuua wanaokula mayai. Kwa kunguru na mbweha hilo ni halali na limefanyika miaka mingi. Askari wa mashamba huku wanalifahamu kama mkulima wa kwetu anavyofahamu kuwinga ndege shambani. Lina faida, hasa kwa kunguru. Udhaifu wake ni kwamba halina mwisho. Mbweha aliyeuawa Machi nafasi yake inachukuliwa na kijana mwingine anayetafuta eneo. Kwa kicheche, njia hii imefungwa na sheria isipokuwa kwa kibali, na kuiomba serikali iruhusu kumuua mnyama uliyehangaika miaka 40 kumrudisha ni kupasua jamii nzima ya wahifadhi katikati. Kuna wanaolitaka hilo. Baadhi yao wanampenda kapakeli kuliko mimi, na sitawaita wabaya.

Chaguo la pili ni kumshibisha kicheche mahali pengine wakati mitetea wameatamia. Unaweka nyama ya kulungu msituni, mbali na viota, katika wiki zile hatari. Mnyama aliyeshiba hana sababu ya kuzunguka usiku kucha akinusa mayai.

Mara ya kwanza niliposikia hili nilitilia shaka. Nimekulia mahali ambapo ukimwekea fisi mifupa leo, kesho anakuja na ukoo wake. Lakini watafiti wa vyuo vikuu vya Aberdeen na St Andrews, wakishirikiana na wasimamizi wa misitu ya Cairngorms, walilijaribu kwa uangalifu kati ya 2021 na 2023. Kwanza walitengeneza viota bandia vyenye mayai ya kuku na kulinganisha sehemu zilizowekwa nyama na zisizowekwa. Penye nyama, uwezekano wa kiota kunusurika siku 28, muda unaolingana na kutaga na kuatamia kwa kapakeli, uliongezeka kwa 83%.

Kiota bandia si mtetea wa kweli, na mtu mwangalifu angesema hivyo mara moja. Wao pia walijiuliza hivyo. Wakaenda hatua ya pili, na hii ndiyo iliyonigeuza. Kapakeli, kama kuku wetu wa uani, hupenda kujigaragaza mavumbini ili kusafisha manyoya. Mama huja na vifaranga wake palepale kila mara. Watafiti wakafunga kamera zinazopiga picha zenyewe kwenye sehemu hizo za vumbi, hakuna mbwa, hakuna mtu wa kuwatisha, kisha wakahesabu. Penye nyama, mitetea 85 katika kila 100 walioonekana walikuwa na vifaranga. Pasipo na nyama, 37. Kwa wastani hiyo ilikuwa sawa na vifaranga 1.9 kwa kila mtetea, dhidi ya 0.82.

Tazama tena namba hizo mbili za mwisho. Mtetea mmoja akilea chini ya kifaranga mmoja kwa mwaka, na wakubwa wanaendelea kufa kwenye waya na kwa uzee, kijiji kinapungua. Akilea karibu wawili, kijiji kinaweza kukua. Hakuna njia nyingine katika ulinganisho huu iliyonipa namba kama hizo ndani ya misimu mitatu tu.

Ubaya upo na lazima usemwe. Lazima ufanye kila mwaka, mwaka hadi mwaka. Ukiacha, kicheche anarudi kwenye mayai msimu huohuo. Kubeba mizoga hadi ndani ya msitu ni kazi nzito ya mikono. Chakula cha ziada kinaweza pia, kwa muda mrefu, kuwafanya vicheche wenyewe waongezeke, na ndiyo sababu mpango huu unapaswa kubaki wa wiki chache tu na kupimwa kila mwaka. Wala hauzuii mvua ya Juni.

Lakini angalia nyama inatoka wapi. Inatoka kwa kulungu waliopigwa risasi ili msitu uote bila uzio. Yule kulungu aliyekuwa gharama katika sehemu ya kwanza anakuwa chakula katika sehemu ya pili. Unang'oa seng'enge, unapunguza kulungu, na mzoga wa kulungu unalinda kiota. Nilipoona njia hizi mbili zinavyoshikana mikono ndipo nilipojua jibu la mdogo wangu.

Watu: kufunga njia au kuzungumza

Kwetu ukitaka kumpa mnyama faragha, una geti la hifadhi, askari, kiingilio na saa ya kutoka. Uskoti si hivyo. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea karibu popote, kwenye ardhi ya serikali na ya mtu binafsi, mradi awe na adabu. Ni haki nzuri ambayo mimi mgeni naifaidi kila Jumamosi. Ni pia sababu ya watembeaji, waendesha baiskeli za milimani, wapiga picha na mbwa wasiofungwa kufika kila kona ya msitu wa Spey.

Kapakeli hukwepa njia zenye watu. Tafiti za misitu hiyo zimeonyesha kuwa huacha kutumia eneo la msitu lililo karibu na njia, hata kama lina chakula kizuri. Maana yake ni kwamba kila njia mpya ya baiskeli inapunguza msitu bila kukata mti hata mmoja. Na wapo wanaokuja makusudi kumwona jogoo akicheza. Jogoo akikatishwa ngoma asubuhi kwa asubuhi, mitetea hawapandwi. Sheria inakataza kumsumbua uwanjani, lakini polisi hawezi kusimama kwenye kila uwanja saa kumi alfajiri.

Kufunga njia kwa nguvu kunafanya kazi palipo na ardhi ya mwenye nia, ila katika vijiji vya Spey kunaweza kuzaa uhasama. Vijana wa hapa wanaishi kwa utalii. Ukiwaambia ndege ni muhimu kuliko riziki yao, watamchukia ndege. Njia ya mazungumzo, ambayo mradi wa jamii wa Cairngorms uliifuata kwa miaka kadhaa kuanzia 2020, ni kukaa na wakazi, waendesha baiskeli na wenye mbwa, na kukubaliana nao njia zipi ziachwe msimu wa kuzaa na zipi ziboreshwe kama mbadala. Ni ya polepole na inategemea imani. Faida yake haipimiki kirahisi kama vifaranga 1.9. Hata hivyo fedha yake ni ndogo, na matunda yake hayasubiri miaka 100.

Kati ya hizi mbili nachagua mazungumzo kwa wenyeji, na ukali kwa wapiga picha wanaotafuta viwanja vya ngoma. Mkazi anayetembea na mbwa wake kwenye njia ile ile kila siku anaweza kubadilisha njia akielezwa. Anayesafiri kilomita 800 kwa ajili ya picha moja anajua vizuri anachofanya.

Msitu: uliopo au wa kesho

Misitu ya asili ya misonobari ya Uskoti imebaki vipande vipande, na ndege 500 waliobanwa katika bonde moja wako hatarini kwa ugonjwa mmoja, moto mmoja, au Juni mbili mbaya zikifuatana. Hakuna anayebisha kwamba msitu lazima upanuke. Muungano uitwao Cairngorms Connect, wenye wamiliki wa ardhi wa serikali, wa mashirika na wa binafsi, unarudisha msitu na mabwawa katika kilomita za mraba 600 hivi, kwa mpango wa miaka 200. Naupenda mpango unaohesabu kwa umri wa mti na si kwa umri wa bajeti.

Lakini kapakeli hana miaka 200. Msonobari uliochipua leo utamfaa jogoo wa kulala juu yake baada ya miongo kadhaa. Ndiyo maana ndani ya sehemu hii natofautisha. Kuna kazi ya msitu wa kesho, na kuna kazi ya msitu uliopo: kupunguza miti iliyopandwa kwa kubanana ili jua lifike chini, kukata vichaka vingine vinavyoziba sakafu, au kuingiza ng'ombe wachache wakanyage na kula, ili bluberi ipate nafasi. Bluberi ikisitawi, viwavi huja ndani ya miaka michache. Mwenye fedha kidogo aiweke kwenye bluberi. Mwenye ardhi kubwa na subira afanye vyote viwili.

Ndege wa kuletwa

Wengi huanza na swali hili, kwa kuwa lina mvuto: Norwei na Uswidi wako wengi, kwa nini tusiwalete? Ilifanyika 1837 ikafaulu. Duniani kwa jumla kapakeli hayuko hatarini. Kuanzia nchi za Skandinavia hadi Urusi bado ana makao mapana.

Ufaransa wamejaribu karibuni. Katika milima ya Vosges, ambako kapakeli alikuwa amekaribia kwisha kabisa, walipanga kuleta ndege 40 kwa mwaka kwa miaka mitano kutoka Norwei. Mwaka 2024 walifanikiwa kupata na kuachia tisa tu, na kadhaa wakafa mwaka huohuo. Wanasayansi na vyama vya mazingira vya huko walikuwa wamepinga tangu mwanzo, wakisema mazingira yaliyomuua wa kwanza bado yapo. Uhispania nao wanazalisha kapakeli wa milima ya Cantabria vizimbani, huko Sobrescobio katika Asturias. Naelewa dharura yao, lakini ndege aliyekulia kizimbani kwa chakula laini hana utumbo uliozoea sindano za msonobari wala hofu ya kutosha anapokiona kivuli cha mwewe.

Damu mpya inaweza kuhitajika Uskoti siku moja, kwa kuwa ndege wachache sana huoana ndugu kwa ndugu. Ila kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka si kuijaza. Kwanza mtetea wa hapa aonyeshe kwa miaka mitano kwamba analea vifaranga wa kutosha. Kabla ya hapo, kila ndege wa Norwei atakayeletwa tunamtuma kufa.

Kwa hiyo ningeanzaje

Mdogo wangu, jibu langu kwa fedha ya jambo moja ni hili: kulisha vicheche wakati wa kuatamia, kwa mizoga ya kulungu waliopunguzwa ili seng'enge ing'olewe. Ukisema hayo ni mambo mawili, sitabisha sana, lakini yanatumia kulungu yule yule na vibarua wale wale.

Ukiwa na fedha zaidi kidogo, ongeza bluberi katika msitu uliopo, na mtu mmoja mwenye maneno mazuri wa kukaa na wanakijiji. Ukiwa nazo nyingi, ndipo uingie kwenye msitu wa kesho, na usiuache tena. Kuua kunguru na mbweha kubaki kuzunguka viwanja vichache vilivyo dhaifu zaidi. Kumuua kicheche, sikuungi mkono, kwa kuwa tumepata njia ya kumwacha hai. Kuleta ndege kungoje.

Ukiwa huna fedha kabisa, kama mimi wakati huu, bado kuna la kufanya. Tangu mtetea yule alipolipuka miguuni pangu, kuanzia Machi hadi Agosti siingii tena katika msitu ule nje ya njia kuu, na mbwa wa jirani ninayemtembeza jioni huwa kwenye kamba. Sijawahi kumwona jogoo akicheza ngoma. Watu huniuliza kama najuta kuishi karibu naye hivi bila kwenda kumtazama. Nawaambia nimemsikia mara moja, kwa mbali, asubuhi ya ukungu nikiwa barabarani nasubiri basi: gonga, gonga, gonga, halafu kile kizibo. Nikasimama mpaka basi lilipofika, bila kusogea kuelekea huko sauti ilikotoka.